Jibu Lililotangulia

Mwaka ule mvua ilichelewa Dodoma, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuitangaza. Mradi mmoja wa wakulima ulitaka ukurasa wa mtandao wenye ramani ya maeneo yetu: ukibonyeza jina la mahali, pembeni itokee mvua iliyonyesha huko jana, milimita ngapi, bila ukurasa mzima kufunguka upya. Ilikuwa 2007. Jambo hilo lilikuwa geni kwetu, na bosi wangu Sostenes alipolieleza alifumba macho kama anayesimulia ndoto nzuri.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani, karibu na soko la Majengo. Vumbi la uwele lilipanda kutoka kwa wauza nafaka likatua juu ya vitufe vya kompyuta. Mchana, joto likishika, kelele za sokoni zilififia zikawa mvumo mmoja, na mtu ungeweza kusinzia huku unaandika. Nilikuwa na cheti cha miezi sita na kiburi cha miaka kumi. Subira sikuwa nayo kabisa. Marehemu mama alikuwa akisema, "Salwa alizaliwa mwezi wa nane kwa sababu wa tisa aliuona mbali."

Basi nilianza kwa kuuambia ukurasa upeleke ombi kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza takwimu, usimame palepale mpaka jibu lirudi. Mtandao wetu ulikuwa wa kubahatisha. Jibu liliweza kuchukua muda wa kumenya chungwa na kulimaliza. Muda wote huo ukurasa uliganda. Ubonyeze, usibonyeze, kimya.

Sostenes alikuja nyuma yangu akacheka. "Dada, umemtuma mtu Hombolo akachote maji, halafu nyumba nzima umeisimamisha mlangoni kumngoja. Mpishi hapiki, mfagiaji hafagii. Mwache aende. Akirudi atapiga hodi."

Nikabadilisha. Sasa ombi lilikwenda peke yake na ukurasa ukaendelea na shughuli zake. Lakini mahali pa mvua palitokea patupu. Nilijaribu mara kumi, patupu mara kumi. Niliigombeza ile kompyuta kwa Kiswahili, nikaimalizia kwa Kirangi cha bibi yangu. Sostenes aliinama, akasoma mistari yangu, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa unatuma. Mstari unaofuata tayari unalisoma jibu. Jibu gani? Mtu hajavuka hata Ihumwa, wewe umeshanyoosha kikombe unywe." Akavuta kiti. "Kazi ya kufanya jibu likifika iandike pembeni, ikae tayari kabla hujatuma. Kisha tuma, na usahau. Kengele itakuita."

Kengele itakuita. Maneno hayo nilishawahi kuyasikia, na hayakuhusu kompyuta.

Baba yangu, Mzee Bushiri, alikuwa stesheni masta wa reli ya kati kwa miaka thelathini, katika stesheni ndogo ndogo: Gulwe, Bahi, Kintinku. Kintinku ndiyo niliyoikuta nikiwa na akili. Reli ni moja, na treni za kwenda na kurudi hupishana stesheni tu. Kwa hiyo kabla hajairuhusu treni kuondoka, baba alizungusha mkono wa simu, akauliza stesheni ya mbele kama njia iko wazi, akaiweka simu chini, akaenda kumwagilia mipapai yake. Hakukaa kuikodolea macho. Kengele ikilia alirudi polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea jibu. Na kila swali alilipa namba, nalo jibu lilirudi na namba ile ile.

"Jibu lisilo na namba si jibu," aliniambia, nikiwa nimekaa juu ya meza yake nikichezea muhuri. "Ukilipokea, treni mbili zitakutana porini."

Mchezo huo aliuleta mpaka nyumbani. Nikimwomba peremende, kisha nikamwomba ruhusa ya kucheza relini, baba aliinua kidole kimoja akasema, "Ndiyo." Halafu vidole viwili: "Hapana." Nami nilijua peremende ninazo, relini siendi. Wakati mwingine alijibu la pili kwanza ili kunitega, na vidole ndivyo vilivyoniokoa. Nilikuwa na miaka sita. Ukifika ishirini na sita unakuwa umesahau mengi, hasa yale uliyoyajua vizuri.

Mwaka mmoja kabla ya kazi ile ya mvua, kiharusi kilimwangusha baba akitoka kutawadha. Upande wa kulia ukalala. Kinywani yakabaki maneno mawili tu, ndiyo na hapana, nayo hayakuja upesi. Ungemwuliza kitu, ukachemsha chai, ukainywa, ndipo neno linafika. Wengi waliuliza na kujijibu wenyewe, mimi nikiwa wa kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, ila vidole vyake vilikuwa vikisimama na kulala vyenyewe, na sisi tukasema ni maradhi.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, posa yangu ilisomwa. Ilitoka kwa wazee wa Abdulnasiri, mwalimu wa hesabu, mtu pekee duniani niliyekuwa nikimwacha amalize sentensi. Alikuwa amehamishiwa Singida, kwa hiyo kuolewa naye ni kumwacha baba. Nilimpenda, nasema wazi. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau nimeandika nini kwenye kompyuta. Lakini kwa dini yetu baba ndiye walii, mwenye idhini ya kuniozesha, na hata kama sheria ingeruhusu kumpita pembeni, mimi nisingempita.

Shangazi Mwajabu, dada yake baba, alikaa naye barazani saa za alasiri, ile barua ya posa imefungwa katika kitambaa cheupe juu ya mapaja yake. Mwari hakai kwenye mazungumzo ya posa yake, kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikitazama kwa upenyo.

"Kaka," alisema Shangazi, "wenzetu wanasubiri neno. Unaridhia Salwa aolewe na kijana huyu?"

Baba alimtazama. Akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya mapaa ya bati. Kimya kikaingia, kimya kirefu chenye harufu ya udongo unaongoja, na upepo ukaanza kuvuta shuka lake. Nilihesabu mpaka mia. Nikahesabu tena. Kisha ile tabia yangu ya mwezi wa nane ikanisukuma, nikalifunua pazia nikatoka.

"Baba, upepo huu, nikuingize ndani?"

Shangazi alinikata jicho. Baba akafungua kinywa, kikapinda, na neno likatoka likiwa zima kabisa.

"Hapana."

Vidole vyake viwili vilikuwa vimesimama juu ya goti. Niliviona. Naapa niliviona.

Shangazi akashusha pumzi. "Umesikia, mwanangu. Alhamisi baada ya sala ya alasiri nitawarudishia barua yao. Tusiwaweke watu wa watu."

Nilikwenda chumbani nikalia, na hasira yangu ikakosa pa kutua. Nimlaumu nani, mtu asiyeweza kujifunga kitufe cha shati? Nikajiambia anaogopa kuachwa, na ana haki. Magharibi ilipokaribia nilinawa uso nikampelekea uji. Katikati ya kijiko cha tatu na cha nne, bila kuulizwa chochote, baba alisema, "Ndiyo." Nikadhani anausifu uji. Kidole chake kimoja kilikuwa kimesimama, kimedondokewa na uji. Nikakifuta, nikakilaza juu ya shuka, nikaendelea kumlisha.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kama mtu aliye chini ya maji. Ukurasa ulikuwa umeanza kutii. Ukibonyeza Hombolo, mvua ya Hombolo inakuja yenyewe baada ya muda, hakuna kinachoganda. Nilipaswa kufurahi. Abdulnasiri alinitumia ujumbe wa simu mara mbili, na mara mbili niliandika jibu nikalifuta.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Sostenes aliketi kwenye kiti changu kuukagua ukurasa kabla ya kuwaonyesha watu wa mradi. Alibonyeza Hombolo, na kabla jibu halijafika akabonyeza Nkuhungu, maana na yeye mvumilivu hakuwa. Pembeni ikaandikwa Nkuhungu: sifuri. Akatikisa kichwa kuridhika. Nukta chache baadaye, mbele ya macho yetu, bila mtu kugusa kitu, sifuri ikageuka kumi na nane.

"Nkuhungu milimita kumi na nane?" Sostenes alinigeukia. "Mimi naishi Nkuhungu. Jana mke wangu alianika nguo mpaka jioni."

Nilikasirika. "Seva inadanganya."

"Seva haidanganyi. Tazama." Akaifanya tena, polepole. "Hombolo wana kumbukumbu za miaka mingi, ombi lake zito, seva inapekua. Nkuhungu kituo ni kipya, jibu lake jepesi, linatangulia. Halafu la Hombolo linafika, linakuta mlango wazi, linakaa kwenye kiti cha Nkuhungu. Jibu ni la kweli, Salwa. Ni la swali jingine tu."

Niliitazama ile kumi na nane.

"Wanaoanza wote wanaingia hapa," aliendelea. "Wanadhani jibu lililofika ni la swali la mwisho walilouliza. Na likija jingine nyuma yake, hawajui walipeleke wapi. Dawa yake ndogo tu. Kila ombi lipe namba, jibu likija..."

"Lirudi na namba yake," nilisema.

"Kumbe unajua."

Nilikuwa nimeshasimama. Niliona goti la baba, vidole viwili juu yake. Niliona kijiko cha uji na kidole kimoja kilichosimama wima, na kitambaa changu kikikifuta. Swali zito na swali jepesi. Jepesi likatangulia.

"Bosi, naomba ruhusa."

"Saa hizi? Watu wa mradi wanakuja saa kumi."

"Na mimi saa kumi nitakuwa nimeshachelewa," nikamjibu nikiwa tayari kwenye ngazi.

Nilikata katikati ya soko, nikaruka mafungu ya vitunguu, nikatukanwa na muuza karanga, nikamwomba radhi bila kugeuka. Mbingu ilikuwa imeshuka chini kabisa, rangi ya sufuria. Adhana ya alasiri ilinikuta njiani. Nilipofika nyumbani sala ilikuwa imekwisha, na Shangazi Mwajabu alikuwa amevaa buibui, kitambaa cheupe mkononi, mguu mmoja nje ya kizingiti.

"Shangazi, shikamoo. Usiende."

"Marahaba. Kuna nini, mbona unahema hivyo? Mambo haya yamekwisha, mwanangu."

"Hayajakwisha. Hatujajibiwa."

"Tumejibiwa kwa masikio yetu wenyewe!"

"Alijibu langu, la upepo. Lako alilijibu magharibi, akaniambia mimi, nami nikamfuta kidole." Machozi yalinitoka bila ruhusa. "Nakuomba. Kaa kidogo tu."

Alinitazama kama anayepima joto la mgonjwa, kisha akakaa, buibui lake mwilini. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikafikiri amelala. Nikainua kidole changu kimoja mahali anapoweza kukiona.

"Namba moja, Baba. Unaridhia niolewe na Abdulnasiri, niende naye Singida?"

Macho yake yalikifuata kile kidole. Yakabaki hapo. Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya: nikanyamaza. Tone moja liligonga bati. Likafuata jingine, mbali, kwa jirani. Shangazi akavuta pumzi ili aseme kitu, nami, astaghfirullah, nikamziba mdomo mtu mzima kwa kiganja changu. Mvua ikaanza kushuka, si kwa kishindo, kama watu wengi wanaonong'ona, na nikajiona niko Kintinku juu ya meza, simu imewekwa chini, mipapai inamwagiliwa, na hakuna haraka popote duniani.

Mkono wa kushoto wa baba ulitikisika. Kidole kimoja kikainuka taratibu kutoka kwenye shuka, kikasimama.

"Ndiyo," alisema baba.

Shangazi alianza kulia kwa sauti, akavua buibui huku akilia. Mimi sikuinuka. Kulikuwa na swali jingine, nalo nililiogopa kuliko la kwanza. Mwaka mzima tulikuwa tukimwuliza na kuondoka. Ni mangapi aliyojibu chumba kikiwa kitupu, au kikiwa na mtu aliyeshika kitambaa? Nikainua vidole viwili.

"Namba mbili, Baba. Siku zote hizi, ulikuwa unatujibu?"

Mvua ilipiga. Shangazi aliwasha jiko, akakuna nazi, akarudi, akakaa chini kando yangu. Uani maji yalikuwa yameanza kutengeneza vijito. Nilingoja mpaka magoti yakafa ganzi, na singeondoka hata kama ingekuwa mpaka kesho.

Vidole viwili viliinuka, na chozi moja likashuka kwenye shavu lile lililo zima.

"Ndiyo."

Nikavishika vyote viwili, na safari hii sikuvifuta.