Mbuzi Aliyetembea Bila Kichwa

Kabla bendi ya Themi Jazz haijapata mashine ya sauti, Aminieli aliimba kwa bati. Lilikuwa debe la mafuta ya taa lililokatwa na kukunjwa kama faneli. Alilishika kwa mikono miwili, akalielekeza kwa watu, akaimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Waliokaa benchi la nyuma katika ukumbi wa Ngarenaro waliulizana kama yule kijana anaimba au anakunywa uji.

Huo ulikuwa mwaka 1955, na bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Aminieli alikuwa mwimbaji na mtunzi. Kwao ni mlimani, juu ya Kikatiti, ila siku za kazi alipiga randa kwenye karakana ya seremala pale Ngarenaro. Gitaa lilipigwa na Bariki, jirani yake tangu utoto. Walibatizwa siku moja, kwa maji ya bakuli moja, na mama zao waligombana ni mtoto yupi aliyelia zaidi. Ngoma zilikuwa za Solomoni, mtu mnene, mpole, ambaye hata akipiga ngoma alionekana kama anaiomba radhi.

Wimbo uliowapa jina ulikuwa wa msichana Resiato, anayechuma kahawa kwenye shamba la watu na kuuacha moyo wake kwenye kikapu. Ulikuwa na beti tatu. Bariki alikuwa na kichwa cha kusahau, kila siku ya mazoezi aliacha kupiga gitaa na kuuliza, "Ubeti wa tatu unaanzaje tena?" Aminieli alimwimbia, akarudia, akamwimbia tena. "Wewe ndugu yangu," alimwambia, "siku ya ndoa yako tutakuandikia jina la mkeo kwenye kiganja."

Miaka miwili hiyo. Bati, uji, na ubeti wa tatu.

Siku moja wakaamua yatosha, wakaenda kwa Harbans Singh, fundi wa redio, aliyekuwa na kibanda nyuma ya maduka ya Ngarenaro. Ndani mlikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo kama samaki. Waliuliza bei ya mashine ya kukuza sauti. Harbans akawatazama viatu kwanza.

"Mpya inatoka Nairobi," alisema. "Bei yake ni ya mtu mwenye shamba la katani. Nyinyi mna shamba la katani?"

"Tuna ngoma," alisema Solomoni.

Harbans alicheka, akasema atawaunganishia ya kwao. Ikamchukua mwezi mzima. Tumbo la mashine lilitokana na redio ya mlowezi iliyonyeshewa. Bomba la kutolea sauti, lile pana kama ua la boga, lilikuwa la gari la sinema lililokwisha kuzeeka. Maikrofoni ilitoka jeshini, na Harbans alisema hakuuliza imetokaje. Yote yaliendeshwa kwa betri ya lori. Wao walilipa walichokuwa nacho: Bariki baiskeli yake, Solomoni cherehani ya marehemu baba yake, na Aminieli mtamba wa ng'ombe aliyepewa na mjomba siku ya kipaimara. Mtamba yule alikuwa ameshampa jina. Siku ya kumswaga hakumtazama machoni.

"Sikilizeni," Harbans aliwaambia siku ya kuichukua. "Kwanza betri. Halafu ngojeni taa za ndani ziwe nyekundu kama jicho la mlevi. Maikrofoni isikae mbele ya bomba, italia. Na mjue mashine haina huruma. Ukiimba vibaya hapa, itaimba vibaya mpaka Moshi."

Nje ya kibanda, mashine ikiwa kwenye mkokoteni, likaja swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza. Itakaa kwa nani? Watu watatu waliokula sahani moja kwa miaka wakaanza kutazamana kama watu wanaotazama kipande cha mwisho cha nyama.

Solomoni ndiye aliyeokoa. "Tuigawe kama mbuzi," alisema. "Kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na mwenye fungu haulizwi. Mimi nichukue pembe, yaani bomba. Bariki achukue tumbo na betri. Aminieli achukue kichwa, ile maikrofoni, maana ndiye msemaji. Hapo hakuna atakayemkimbia mwenzake. Mbuzi hatembei bila kichwa."

Walipeana mikono. Aminieli aliifunga maikrofoni kwa kanga ya mama yake, na kila alipopanda mlimani aliilaza kwenye sanduku, katikati ya shuka za Krismasi. Alilala vizuri. Mtu mwenye kichwa cha mbuzi aogope nini?

Mashine ilifanya kazi yake. Benchi la nyuma lilinyamaza, kisha likaanza kuimba. Habari zikafika Kikatiti, ambako watu wa ushirika wa kahawa walikuwa wanafungua ghala jipya. Walitaka bendi Jumamosi mchana, kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kilikuwa tayari mkononi, na bendi itakayopendeza siku hiyo ingepiga pale kila Jumamosi ya msimu mzima wa kahawa. Kikatiti ilikuwa chini tu ya kwao Aminieli. Shangazi zake wangesikia. Walimu wake wangesikia. Wote waliowahi kumwambia kuimba si kazi wangesimama mbele ya bomba na kusikia.

Basi alipanda nyumbani wiki mbili kabla, kusaidia kuchuma na kupumzisha koo. Alhamisi ya wiki ya kwanza, Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, akaingia uani na fimbo yake na wenzake wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumepata habari, Aminieli, kwamba unaimba dansi, watu wakishikana viuno."

"Viuno sikushika mimi, mzee. Mikono yangu ilishika maikrofoni."

Mama yake, Eunike, akakohoa jikoni, kikohozi cha kusema nyamaza. Mzee Nathanaeli hakucheka. Baraza la wazee lingekaa Jumapili ya wiki ijayo, alisema. Kabla ya hapo, akisikika dansini, atatengwa, na mama yake, aliyekuwa akiongoza sala za wanawake, ataketi benchi la mwisho kwa kulea mtoto wa namna hiyo.

Usiku ule Aminieli aligeuka kitandani mpaka jogoo. Kutengwa yeye peke yake angekubali. Angeliambia baraza wazi kwamba anaimba na ataendelea kuimba, wamwandike wanavyotaka. Lakini mama aliwekwa kati. Ilihitajika Jumamosi moja tu ya subira: Jumapili angejisemea mwenyewe barazani, na adhabu ingekuwa yake peke yake. Asubuhi akashuka barabarani, akapanda lori mpaka Ngarenaro, akamweleza Bariki.

"Waombe watu wa Kikatiti wasogeze wiki moja. Jumamosi moja, Bariki."

Bariki alimshika bega. "Nenda kachume kahawa, ndugu yangu. Mbuzi atatembea bila kichwa wapi?" Na Jumanne akatuma salamu kwa dereva wa lori: wamekubali, wamesogeza.

Jumamosi ilipofika, Aminieli alikuwa shambani na kikapu, mama yake mstari wa pili. Jua lilikuwa limepita utosini. Kwanza ukaja mlio kama wa paa linalokwaruzwa. Aliujua mara moja, ni mlio wa mashine ikiamka. Kisha gitaa. Kisha, kutoka Kikatiti, ukipanda juu ya migomba kana kwamba unajua njia, wimbo wa Resiato.

Alisimama na punje mbili za buni mkononi. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, kama ya karani anayebishana na mtu wa mbali, lakini hakukuwa na haja ya kuuliza ni ya nani. Walibatizwa kwa bakuli moja.

Alikwenda ndani, akafungua sanduku, akaondoa shuka, akafungua kanga. Maikrofoni ilikuwa pale, baridi, kimya. Mama yake akasimama mlangoni na kikapu kichwani.

"Kumbe kichwa kiko hapa," alisema, "na mbuzi analia kule."

Alikuwa amezoea kumtania. Halafu alimwona uso, akashusha kikapu.

Aminieli alishuka Kikatiti na maikrofoni ndani ya kanga kama mtu anayepeleka mtoto zahanati. Ghala jipya lilikuwa limepambwa kwa majani ya migomba, na mbele yake watu walicheza mpaka vumbi limewafika magotini. Hilo ndilo lililomchoma kwanza. Alikuwa ametumaini, kwa kona mbaya ya moyo wake, kwamba watakuwa wamenuna, au angalau benchi la nyuma litakuwa linaulizana yule mwingine yuko wapi. Hakuna aliyeuliza. Shangazi yake mmoja alimpita akicheza, akamwambia asogee.

Jukwaani, bomba la Solomoni, mashine ya Bariki, na mbele yake Bariki mwenyewe akiimbia mkono wa simu ya zamani, ule wa kushikia sikioni, uliofungwa kwenye kijiti kwa kamba.

Harbans alikuwa ameketi kando na chupa ya soda, akiitazama kazi yake kama baba wa bwana harusi.

"Aminieli," alisema, akisogea kumpisha kwenye benchi, "umepona shida yako? Huo mkono wa simu unasikika vibaya, nakubali. Unga wa makaa ndani yake hushikamana, lazima ugongwe. Lakini Bariki alitaka kitu rahisi. Alisema kanisa linakuzuia."

"Alikuja lini, fundi?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Nakumbuka, ndiyo siku ninayofagia."

Aminieli aliketi. Wazee walikuja uani kwao Alhamisi. Yeye mwenyewe alimpelekea Bariki habari Ijumaa. Jumatatu hakuna mtu chini ya mbingu aliyejua kwamba kanisa litamzuia Aminieli, isipokuwa mtu aliyekwisha kwenda kumchongea kwa wazee. Alihesabu tena kwa vidole, kama siku zingeweza kumhurumia na kujipanga vingine. Hazikujipanga.

Wimbo ulikwama katikati ya ubeti wa pili. Mkono wa simu ulizimika; Bariki alifungua kinywa na hakikutoka kitu, kama enzi za bati. Watu wakaguna. Bariki akainua macho, akamwona, na kwa namna ya ajabu uso wake ukafurahi.

"Ndugu yangu, umefika," alisema chini chini, akiinama ukingoni mwa jukwaa. "Lete kichwa."

Aminieli alisogea karibu, kanga kifuani. Nyuma, Solomoni aliweka vijiti vyake chini. "Alituambia umechagua kwaya ya kanisa," alisema. "Aminieli, nilikutumia pole. Hukuipata?"

"Uliniambia wamesogeza siku," Aminieli alimwambia Bariki.

"Wangechukua bendi ya Moshi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekuja."

Alilisema polepole, bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Aminieli akamwuliza jambo moja tu: habari ya Alhamisi aliijuaje Jumatatu. Bariki aliugonga mkono wa simu kwenye kiganja, mara moja, mara mbili, akageuza uso, akasema kwa kunong'ona, "Miaka miwili naona mgongo wako tu."

Na wakati huo huo mashine ikaamka. Bomba likayachukua maneno yale na kuyapeleka juu ya ghala, juu ya barabara, mpaka kwenye mashamba: naona mgongo wako tu. Watu wakapiga vigelegele. Walidhani ni mwanzo wa wimbo mpya, na mwanamke mmoja akageuka kuwaonyesha mgongo wake. Harbans alikuwa amesema kweli, mashine haina huruma. Ila hakuwaambia kwamba haina akili pia.

"Lete basi," Bariki alisema, mkono umenyooka, jasho likimtoka. "Tutaongea baadaye. Watu wanangoja."

"Hili ni fungu langu," Aminieli alisema, "na mwenye fungu haulizwi."

Alimtazama Solomoni, kama atanyanyuka. Solomoni alitazama ngoma zake, akatazama bomba lililotokana na cherehani ya baba yake, kisha akaokota vijiti. Aminieli hakumlaumu sana. Akageuka, akatoka kati ya wachezaji, akaanza kupanda.

Bomba lile walilinunua kwa sababu linafika mbali, na siku hiyo lilifika. Alipovuka mfereji, Resiato alikuwa nyuma yake. Alipopita kwa shangazi, Resiato alikuwa pembeni yake. Mtamba wake mzima alikuwa ndani ya sauti ile, kwato na mkia, akimsindikiza nyumbani.

Uani alimkuta Mzee Nathanaeli kwenye kigoda, kikombe mkononi, na mama yake akiwa amesimama wima kwa furaha asiyojua pa kuiweka.

"Shikamoo, mzee," alisema Aminieli, akikificha kifurushi nyuma.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuondolea mzigo. Nilikuwa shambani na wenzangu wawili, tukasimama kusikiliza."

"Mlisikiliza dansi, mzee?"

"Tulisikiliza ushahidi," alisema Mzee Nathanaeli. "Nyimbo mbili nzima. Sauti ile si yako, hata mtoto angejua. Kumbe uliambiwa ukasikia. Kesho baraza halina kesi. Rudi kwaya, kaa mstari wa mbele, wala sauti yako haihitaji bomba."

"Mwambie mzee asante," alisema Eunike.

"Asante, mzee," alisema Aminieli.

Alikaa kwenye jiwe la kunolea panga, kanga mapajani. Chini Kikatiti walikuwa wameombwa kurudia Resiato tangu mwanzo. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Gitaa likacheza peke yake kidogo, na Aminieli akajikuta ameinua shingo, akingoja, maana hapa ndipo Bariki huacha kupiga na kuuliza.

Bariki hakuuliza. Ubeti wa tatu ukapanda mlima wote, neno kwa neno, pumzi mahali pa pumzi, kama alivyofundishwa kila siku ya mazoezi kwa miaka miwili.