Kambare Hajasoma Bango

Firdaus alikuwa amekaanga samaki mjini Machakos kwa miaka kumi na sita kabla hajamshika hata mmoja aliye hai. Siku ya kwanza ya kozi, mwalimu alimpa kambare wa kilo mbili ambebe hadi kwenye tangi. Samaki alijipinda mara moja tu, akamponyoka, akaanguka kwenye nyasi na kuanza kutambaa kuelekea bwawani. Wanafunzi wenzake walicheka, naye akacheka zaidi yao, huku ushungi umemjaa matope.

Ilikuwa kozi ya miezi minne ya ufugaji wa samaki, ngazi ya mwanzo kabisa, katika chuo kidogo cha ufundi upande wa Katelembo. Firdaus alijiandikisha kwa sababu samaki waliomfikia sokoni walikuwa wamesafiri mno, na alitaka siku moja akaange wa kwake. Alipangwa kufanya kazi na Kioko, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeacha kushona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ, vile vya nguo za kuuzwa nje ya nchi. Kioko alimwita mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama, na alikuwa na kichwa chepesi. Bango la kutotolesha kambare lililobandikwa ukutani alilijua lote kwa moyo.

Katikati ya Julai, Mwalimu Kasiva aliwakabidhi majike wawili na madume wawili. Kambare wa bwawani hatagi kwa urahisi, kwa hiyo jike hudungwa sindano ya homoni, husubiriwa, kisha hukamuliwa mayai. Dume naye hana budi kuchinjwa ili mbegu zipatikane. Mwalimu aliwaambia kwamba madume wengine waliokomaa hawakuwepo, akawaachia kazi.

Mara ya kwanza walifuata bango neno kwa neno. Walidunga saa moja jioni na kukamua saa kumi na mbili asubuhi, yaani baada ya muda wa saa kumi na moja. Ilibidi Kioko abonyeze tumbo kwa nguvu. Mayai yalitoka kidogo kidogo, yameshikamana, na mengine yalikuwa na damu. Waliyachanganya na mbegu za dume, wakayatandaza kwenye chujio ndani ya maji. Kesho yake yote yalikuwa meupe kama punje za wali. Yalikuwa yamekufa.

Kioko alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema labda kiwandani walikuwa wangali wanaajiri. Mwalimu Kasiva aliangalia chujio na hakuwagombeza. Aliwaambia wamtafutie sababu wenyewe.

Firdaus aliwaza jioni yote akiwa jikoni kwake. Alikuwa amepasua matumbo ya samaki wasiohesabika. Alijua kuna mayai yanayotoka kama donge, yakiwa yamefungwa ndani ya utando, na kuna yale ambayo kisu kikigusa tu yanamwagika yenyewe. Yale ya kwao yalikuwa ya donge.

"Tuliyawahi," alimwambia Kioko asubuhi. "Yalikuwa bado mabichi."

"Lakini bango linasema saa kumi na moja."

"Linasema maji yawe na joto gani?"

Kioko alisogea karibu na ukuta. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, paliandikwa nyuzi ishirini na tano. Walitumbukiza kipimajoto kwenye tangi, na kikasoma ishirini na mbili. Ilikuwa Julai, baridi ya Machakos imeingia hadi majini.

Walienda kwa mwalimu karibu wakikimbia. Kasiva alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kambare hajasoma bango," alisema. "Yeye anajua maji yake tu." Aliwafungulia kitabu chenye jedwali. Kwa nyuzi ishirini na mbili, kusubiri kulikuwa saa kumi na tano na nusu.

Jumatatu saa kumi na mbili jioni walimdunga jike wa pili. Jumanne saa tatu asubuhi darasa zima lilikuwa limezunguka tangi. Kioko alikuwa na kisu mkononi, na dume wa mwisho alikuwa kwenye beseni pembeni. Kioko alitaka waanze, akiogopa mayai yasije yakapitiliza. Firdaus alipitisha kidole gumba kwenye tumbo la jike, polepole.

"Bado," alisema. "Tungoje kidogo, na dume usimguse."

Saa tatu na nusu alipitisha kidole tena, na mayai yakaanza kumiminika bila kubonyezwa, ya kahawia, yanang'aa, yakijaza bakuli kavu kama ulezi unaomwagwa kutoka kwenye gunia. Kioko alimchinja dume, akakamulia mbegu juu ya mayai, wakaongeza maji na kukoroga kwa unyoya wa kuku, kisha wakayatandaza kwenye chujio ndani ya tangi.

Alhamisi, jua likichomoza, Firdaus alifika chuoni wa kwanza. Aliinama juu ya chujio. Chini yake maji yalikuwa yakitikisika, na hayakutikiswa na upepo. Maelfu ya vijiti vyembamba kama kope vilikuwa vikijipinda kila upande.

Alimpigia simu mumewe, Zubair, dukani.

"Wametoka," alisema. "Wako hai, baba Habiba. Wamejaa!"

Zubair aliuliza kama wanaonekana kwa macho. Aliposikia ndiyo, alifunga duka na kupanda bodaboda. Alipofika, aliinama muda mrefu bila kuona kitu, mpaka Kioko, aliyekuwa naye amefika, akamwekea sahani nyeupe chini ya maji. Hapo alishika ukingo wa tangi kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu, akapotea, akaanza upya.

Mwalimu Kasiva alikuja na daftari lake, akawatilia Kioko na Firdaus sahihi ya ufaulu papo hapo, kisha akamwomba Firdaus awaonyeshe wengine tumbo la jike linavyoguswa. Firdaus alikunja mikono ya buibui, akawaita wasogee.