Magonjwa Huishia Darajani

Jumatano ile jua liliwaka kana kwamba mwezi wa kumi, mwezi wa baridi, haujaingia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu mfululizo, na mji mzima uliamka umeshangaa. Watu walifungua madirisha, wakaanika mablanketi, wakasalimiana hata wale wasiosalimiana. Bustani ya mji ilikuwa ya manjano na nyekundu kwa majani yanayopukutika, kutoka juu mitini hadi chini ardhini. Målfrid alifika langoni amenuna.

Sababu zake zilikuwa ndogo ndogo. Kisigino cha kulia kilimchoma kila alipokanyaga, kama kimeota msumari ndani yake. Mafua yalikuwa yametimiza siku ya nne. Na Jumapili, mlangoni mwa nyumba ya sala, rafiki yake Aslaug alimpita hatua mbili tu, macho mbele, bila salamu. Miaka arobaini na sita walikuwa wakikaa benchi moja, Aslaug upande wa dirisha, Målfrid upande wa njia. Målfrid hakumwambia mtu. Alilala na jambo lile, akaamka nalo, na leo amekuja nalo.

Matembezi ya Jumatano yalikuwa ya watu watatu: Målfrid, Aslaug na Torbjørg, wajane wawili na mmoja ambaye hakuwahi kuolewa. Saa tano kamili wanakutana langoni, wanazunguka bwawa, wanakunywa kahawa kwenye benchi, wanatokea lango la pili penye kituo cha basi. Na walikuwa na sheria moja. Målfrid ndiye aliyeiweka, miaka tisa iliyopita. Alikuwa amewakatia abiria tiketi kwenye kivuko miaka thelathini na mmoja, na alizoea kuwaonyesha watu wapi wasimame.

Sheria ilikuwa hivi. Kutoka langoni hadi kwenye daraja dogo la mbao, kila mtu ana ruhusa ya kuumwa. Aseme presha, aseme kiungulia, aseme daktari alivyomjibu vibaya. Mguu ukishakanyaga upande wa pili, basi. Atakayetaja hata kucha, wenzake watamwambia neno moja tu: "Daraja." Ilianza kama mzaha, baada ya Jumatano moja ambayo walizunguka bustani nzima wakijadili nyongo ya Torbjørg.

Yote yaliyosemwa kabla ya daraja, Målfrid aliyaandika jioni katika daftari lake la maombi. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alimtajia Mungu majina na maradhi, moja baada ya jingine, bila haraka, kwa sababu aliamini kwamba Mungu hapendi kuombwa kwa jumla. Torbjørg alikuwa na kurasa tatu. Kwenye jina la Aslaug, miaka yote tisa, palikuwa na neno moja: mzima.

Torbjørg alitangulia kufika, mnene, koti wazi, pipi ya kikohozi shavuni. Alilisifu jua, akalalamikia kiuno, halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, Målfrid atakwenda saa ngapi Jumamosi kubeba.

"Kubeba nini?"

Pipi ilisimama shavuni. "Maboksi ya Aslaug. Anahamia kwa binti yake, Tromsø. Mwenzangu, nilidhani unajua. Wewe si ndiye wa kwanza kujua kila kitu?"

Kutoka pale hadi Tromsø, kaskazini kabisa mwa nchi, ni ndege mbili, na mtu wa umri wao akienda kuishi huko anarudi kwa mazishi tu, ya mwenzake au ya kwake mwenyewe. Målfrid aliuliza kwa nini anahama. Torbjørg alisema hajui. Alikuwa amepita kurudisha sahani, akayaona maboksi kwenye korido, akaambiwa ni Jumamosi, basi.

Hasira ilimpanda Målfrid. Asubuhi ileile alikuwa amekaa kitini, daftari mapajani, akasema: Aslaug ni mzima, Bwana, asante. Mungu alijua. Torbjørg alijua. Yeye peke yake alikuwa amekaa pale akitoa shukrani kama mjinga.

Aslaug alikuja akifuata ua wa bustani, mwembamba, mgongo umenyooka, kofia ya sufu ya buluu, kidole chake kikigusa vyuma vya ua kimoja kimoja. Aliwaamkia, "Hamjambo, dada zangu," akamwelekea Målfrid, lakini macho yake yalitua pembeni kidogo, kama anayezungumza na mtu aliyesimama nyuma ya bega la Målfrid. Målfrid alijiambia kwamba anayekuficha jambo hawezi kukutazama usoni.

Angeweza kumvaa palepale. Lakini kutoka langoni hadi darajani palikuwa mahali pa magonjwa, na hata ndani ya hasira ile Målfrid hakuwa mtu wa kuvunja utaratibu. Atangoja. Wakivuka tu, atamwuliza. Hii ilikuwa Jumatano ya mwisho, na alitaka iwe na majibu.

Wakaenda. Torbjørg alieleza kiuno chake, jinsi kinavyomkamata akiinama kuvaa soksi, na mafuta aliyopewa, na harufu ya mafuta yenyewe. Målfrid alitembea mbele, haraka kuliko siku zote, majani makavu yakivunjika chini ya viatu vyake. Kisigino kililia na yeye akakikanyagia makusudi. Walipomwuliza habari za mafua yake, alisema hayawahusu.

"Målfrid, polepole," Aslaug alisema nyuma yake. "Kabla hatujafika, nilitaka..."

Målfrid alikuwa ameshakanyaga mbao. Aliisikia sauti ile na akaipita. Akavuka, akageuka, akawasubiri upande wa pili mikono kiunoni, kama alivyokuwa akiwasubiri wenye magari waliochelewa kivukoni.

Walipofika aliuliza, "Umefunga maboksi mangapi?"

Aslaug alisimama. Torbjørg alianza kuwatazama bata kwa makini.

"Kumi na manne," Aslaug akasema.

"Kumi na manne. Hongera. Na mimi ulitaka nijue lini? Nigonge mlango nifunguliwe na mpangaji?"

"Nilitaka kukwambia."

"Mdomo umeufunga kwenye boksi la ngapi?"

Torbjørg alisema labda yeye atangulie kwenye benchi, amimine kahawa. Akaenda, chupa ya kahawa ikimgonga pajani.

Hapo Målfrid alisema mengi, mengine alikuwa ameyatunza tangu Jumapili na mengine hakujua kama anayo. Alimkumbusha usiku aliofariki Eilif, mumewe Aslaug, ni nani aliyekaa naye hadi asubuhi. Alimkumbusha kwamba huyo binti wa Tromsø alijifunza kuogelea mikononi mwake yeye, Målfrid, kwenye maji ya baridi, wakati mama mtu akiogopa hata kutazama. Alisema kila siku ya Mungu anamwombea kwa jina. Alisema angekuwa na adui, adui huyo angemtumia angalau kadi. Wapita njia wawili wenye mbwa walikuja, wakayasikia maneno, wakageuza mbwa.

"Na Jumapili unanipita kama nguzo ya taa."

"Jumapili wapi?"

"Mlangoni. Mbele ya pua yako."

Aslaug akatazama chini, au ilionekana anatazama chini.

"Unahama kwa nini?" Målfrid akauliza.

"Siwezi kukwambia hapa."

"Hapa pana nini?"

"Tumeshavuka," Aslaug akasema. "Daraja."

Målfrid alihisi kama amepigwa kibao. Miaka arobaini na sita, na siku ya mwisho anafanyiwa mzaha.

"Usinichezee, Aslaug."

"Sikuchezei." Sasa sauti ya Aslaug ilikuwa imepanda, na Aslaug hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Hata kwenye nyimbo aliimba chini. "Sheria ni yako, nakutii. Tangu mwezi wa nane nimejaribu mara tatu. Ya kwanza Torbjørg alikuwa na kiuno. Ya pili wewe ulikuwa na kisigino, kisigino hadi darajani. Ya tatu nikaanza hapahapa, nikasema, Målfrid, mimi mwenzako siku hizi... Ukainua kidole. Ukasema Daraja. Ukacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Na leo ya nne nimekuita, ukakimbia."

"Ungenipigia simu."

"Nilikupigia. Ukaniambia niyaweke hadi Jumatano, upo kwenye maombi."

Jua liliwapiga wote wawili usoni. Målfrid alikikumbuka kidole kile. Alikumbuka hata glavu iliyokuwa kwenye kidole. Hasira haikuondoka, ila haikujua tena imwangukie nani. Alifumba macho na kusema kimoyomoyo, bila adabu ya kawaida: Bwana, nina hasira na huyu. Nina hasira na mimi mwenyewe. Nikisimama hapa zaidi nitakuwa na hasira na Wewe pia. Ulijua, na kila asubuhi ukanisikiliza nikisema mzima, ukanyamaza. Nifanye nini?

Kisigino kilichoma tu. Mbele yao njia ilizunguka bwawa, ikapita benchi la Torbjørg, ikatokea lango la pili. Wakiifuata wakiwa hivi, watapanda kila mtu basi lake, na Jumamosi atabeba maboksi kama kibarua, na hiyo ndiyo itakuwa kwaheri yao.

Miaka tisa hawakuwahi kurudi nyuma. Målfrid alimshika Aslaug mkono wa koti, kwa nguvu.

"Twende."

"Wapi?"

"Tulikotoka."

Alimvuta. Darajani palikuwa na kidato kimoja cha kupandia, cha mbao, kimefunikwa majani. Aslaug alisimama mbele yake. Alitoa ncha ya kiatu, akapapasa hewa, akakigusa kidato, akakipoteza, akakigusa tena. Ndipo akapanda. Målfrid alikuwa ameuona mguu wa namna ile mara nyingi, kwa abiria, kwenye ngazi ya kivuko, na kila mara alijua la kufanya: unasimama chini yake, unatoa kiwiko, huongei. Miezi yote hii Aslaug alikuwa akivuka nyuma yake, na yeye hakugeuka.

Alitoa kiwiko. Hakuongea. Walivuka hivyo, polepole, hadi mbao zikaisha na changarawe ikaanza.

"Haya," Målfrid akasema, bado kwa ukali. "Tuko upande wa kuumwa. Sema."

Aslaug alisema. Ni macho. Si giza, watu wanafikiri ni giza. Ni doa la kijivu katikati, popote anapotazama doa linatangulia. Anaona pembeni, anaona miti, anaona rangi, na leo rangi zilikuwa nzuri kupita kiasi. Lakini kitu anachotaka kukiona ndicho kinachofutika. Hawezi tena kusoma, Biblia husikiliza redioni. Mwezi uliopita aliweka sufuria nje ya moto na kitambaa juu ya moto. Daktari amesema halitarudi nyuma, litakua. Binti yake ana chumba cha chini, hakina ngazi.

"Nikikutazama usoni," akasema, "uso hakuna. Kuna kofia, na masikio, na hayo mafua nayasikia. Jumapili ulinuna kimya. Ungekohoa ningekujua."

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili."

Målfrid alitoa kitambaa, akapenga kamasi muda mrefu kuliko mafua yalivyohitaji. Alikuwa na hasira bado. Alimkasirikia daktari, binti wa Tromsø na chumba chake kisicho na ngazi, na daftari lake mwenyewe lenye mwandiko mzuri. Kesho asubuhi angekuwa na maneno na Mungu, mengi, naye angeketi kabisa kuyasema. Lakini angalau sasa alijua aseme nini.

"Ulipaswa kunipiga," akasema. "Nilipoinua kidole. Ungenipiga kofi."

"Nisingekiona kidole vizuri," Aslaug akasema. "Ningekupiga kofia."

Målfrid hakutaka kucheka, na hakucheka, ila alianza kukohoa. Ng'ambo ya bwawa Torbjørg alisimama, akaita kwamba kahawa inapoa, na skonzi za iliki anaanza kula peke yake, wasije wakamlaumu.

"Kula," Målfrid akamjibu kwa sauti yake ya kivukoni, hadi bata wakaruka. "Sisi bado hatujamaliza kuumwa."

Alimshika Aslaug vizuri zaidi, mkono ndani ya mkono, akamgeuza kuelekea langoni, ili waanze tena kutoka mwanzo. Walitembea kwa mwendo wa Aslaug. Baada ya hatua chache Aslaug aliuliza, akitazama pembeni ya kofia yake, kisigino kinaendeleaje.

"Kinaniua," Målfrid akasema, na akaanza kumweleza.