Uzito wa Mtu Aliyeangushwa

Mhoja alijilaza mchana ule akiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake na asiye na mwizi wa kumshika. Asubuhi kamati ya mieleka ya vyuo ilikuwa imebandika orodha ya uzani wake ubaoni, karibu na mlango wa bwalo. Mhoja, mwanafunzi wa ualimu mwenye shingo nene na moyo mwepesi wa kuchomeka, alikuwa ameshinda mapambano kumi na moja na kupoteza moja tu. Jina lake lilikuwa la sita. Rwegasira wa chuo cha kilimo, aliyeanguka mara nne msimu huo, nne nzima, alikuwa wa pili, na wawili wa juu ndio wangeitwa kambi ya taifa.

"Kocha, hii ni hesabu au uchawi?" aliuliza.

"Hesabu," kocha Magembe alimjibu huku akitafuna muwa. "Hawatazami umeshinda mara ngapi tu, wanatazama umepambana na nani. Wewe ulipata walaini, mwenzako kapambana na majabali. Tena leo saa kumi ukimwangusha Paskali, Rwegasira ndiye atakayechekelea, maana yeye ndiye aliyekuangusha wewe. Ukipanda, naye anapanda. Ukianguka anateremka hadi wa tatu, na kambi ataisikia redioni."

Kocha alisema hivyo kwa mzaha, akaenda zake. Lakini kwa Mhoja haukuwa mzaha hata kidogo. Alirudi bwenini akiwa ameshakata shauri: jioni ataanguka. Paskali alikuwa amepoteza mapambano tisa, na kuanguka kwake kungekuwa aibu, ndiyo, lakini aibu ya dakika chache, na Rwegasira angebaki nyumbani kulima. Wazo hilo lilimpendeza mpaka akatabasamu peke yake, na tabasamu likiwa bado mdomoni usingizi ukamchukua.

Akajiona anatembea katika nchi ya mchanga mweupe, laini kama unga wa muhogo, na kando ya njia palikuwa na nyumba kubwa yenye madirisha mengi, yote yakitazama nyua za watu wengine. Mlangoni alisimama mama mmoja mzuri wa sura, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akampokea kama mtoto wa dada yake. "Karibu baba, karibu. Mimi ni Wivu. Nimekupikia tangu asubuhi." Ndani alikuwamo mumewe, Majivuno, akijipima kifua kwa kamba na kutangaza "Kumi na moja! Kumi na moja!" kila alipovuta pumzi. Mhoja alikula chakula cha mle ndani, kikawa kitamu mdomoni na kichungu tumboni, naye akaongezwa, akala tena. Kupitia dirishani aliona uwanja, na katikati ya uwanja mizani kubwa, na watu wakipandishwa mmoja mmoja na bibi mfupi aliyekunja mikono ya gauni.

"Yule ni Insafu," Wivu alisema kwa chuki. "Hapendelei mtu, ndiyo maana hana marafiki. Twende ukamwone adui yako akiaibika."

Pale mizanini Mhoja aligundua desturi ya nchi ile. Hakuna aliyepimwa peke yake. Kila mwanamieleka alipanda na wote aliowaangusha msimu mzima, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Alipoitwa, alipanda kifua mbele na watu wake kumi na mmoja, na mshale ukasogea kidogo, ukasimama. Alipowageukia aliona kuwa miili yao ilikuwa ya pumba, inapukutika.

"Bibi, mizani yako mbovu!"

"Mizani nzima, mwanangu," Insafu alijibu taratibu. "Mapambano yako yalikuwa mepesi, hilo si kosa lako, hukujipangia. Lakini msimu mzima kila uliyemwangusha ulimwita gunia la pumba, ukawacheka waliposhindwa kwingine. Ulikuwa unawapunguza wao, na kumbe unajipunguza mwenyewe. Teremka, zamu ya mwenzako."

Rwegasira alipanda, akanyoosha mkono, na Mhoja akashtuka kujikuta amevutwa naye. Alisimama mizanini miongoni mwa watu wa Rwegasira, na mshale ukaruka. "Huyu ndiye mzito kuliko wote aliowaangusha," Insafu alisema. Mhoja aliona fahari na uchungu kwa mpigo, uchungu ukizidi. Hapo Wivu alimnong'oneza, "Jipunguze. Toa pumzi, kunja magoti." Akatoa pumzi. Akasinyaa hadi kiunoni mwa Rwegasira, kisha magotini, na mshale ukaanza kurudi, na Mungu amsamehe, ilikuwa raha.

Ndipo aliposikia kilio nyuma yake. Watu wake kumi na mmoja walikuwa wanasinyaa pamoja naye. Mmoja wao, kijana wa chuo cha ufundi ambaye hata jina lake alilisahau, alikuwa anamvuta shati. "Kaka Mhoja, usijipunguze! Kijijini kwetu nimewaambia nilidumu dakika tano na wewe. Ukiwa si kitu, mimi nitakuwa nini?"

Mhoja alimtazama Insafu kwa aibu. "Simpendi Rwegasira, bibi. Siwezi."

"Nani kakwambia umpende? Nimekwambia usimame wima."

Mlango ukagongwa. "Mhoja! Saa kumi kasoro robo, unataka nikubebe?" Ilikuwa sauti ya kocha. Mhoja aliketi kitandani, jasho likimtiririka, na ile ladha chungu bado ipo. Kumbe lile anguko alilolipanga halikuwa lake peke yake la kugawa.

Ukumbini, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Rwegasira, mstari wa mbele, ametoka kote huko kuja kumshangilia. Filimbi ikalia. Paskali alimkamata vizuri, mguu ukateleza, na kwa nukta moja kuanguka kulikuwa rahisi kabisa. Mhoja alisimama wima. Akamzungusha Paskali, akamlaza chali.

"Nimedumu muda gani?" Paskali aliuliza akihema.

"Dakika nne. Umenitesa kweli," Mhoja alimwambia, akamwinua.

Rwegasira alikuwa ameshawahi, mikono wazi. "Asante, ndugu yangu! Umenipeleka kambini!"

Mhoja alimwangalia kwa wivu uleule wa asubuhi, haujapungua hata chembe, kisha akampa mkono.

"Huko kambini usiangukeanguke ovyo," alisema. "Ukishuka wewe, nashuka na mimi."