Dar Haiwezi Kuwa Karibu Hivi

Mama mkwe wangu, Mama Wilhelmina wa Igoma, anaipima safari kwa tumbo. Mwanza mpaka Dar kwa basi ni uji Shinyanga, wali Singida, chai Dodoma, na ukishuka miguu imevimba. Hujala njiani? Hujasafiri.

Kwa hiyo mume wangu Pius alipotukatia mimi na mama tiketi za ndege twende kwenye sendofu ya kumuaga wifi yangu Dorcas, mama alikwenda mwenyewe soko la samaki la Mwaloni kuchagua sato. Akawakaanga, akawafunga na ugali kwenye jani la mgomba.

"Mama, ni saa moja na nusu tu."

"Saa moja na nusu hata Bunda hujafika, mwanangu."

Sherehe ilikuwa jioni hiyohiyo, na mama ndiye wa kumkabidhi binti. Bila yeye hakuna shughuli.

Ndege iliporuka, ziwa likainama dirishani. Mama akafumba macho, akatoa rozari. Hakuyafumbua mpaka magurudumu yalipogusa chini. Watu wakasimama kushusha mabegi. Yeye akakaza mkanda.

"Mama, tumefika Dar."

"Dar ipi? Hawa wanachimba dawa tu. Mimi sishuki."

Nilijua kinachomsumbua. Mwaka juzi alishuka kuchimba dawa huko Singida, basi likaondoka yeye akiwa bado kichakani. Tangu hapo safari ikisimama, yeye hutamtoa kwenye kiti.

Mhudumu akaja. "Shikamoo mama. Hii ndege sasa inakwenda Zanzibar."

"Marahaba. Nendeni mkajisaidie, mimi nitawalindia mizigo."

Sikubishana naye. Nilikaa, nikamtazama. Mlango ulikuwa wazi, joto linaingia. Akajifuta paji la uso kwa khanga. Akajifuta tena.

"Mama," nikasema polepole, "Dodoma huwa unatoka jasho hivi?"

Akagusa shingo yake, ikanata.

"Hili joto ni la Dar," akakiri. "Sasa Singida tumeipita saa ngapi?"

"Ulikuwa kwenye tendo la tatu la rozari."

Akafungua mkanda.

Shemeji Elias alitupokea na gari, tukaenda moja kwa moja kukwama kwenye foleni ya Tazara. Jua likashuka, sisi tupo palepale. Simu ya Elias ikalia; ni Dorcas, naye analia: "Kaka, mama yuko wapi? Wameshamwita ukumbini mara mbili!"

Elias akapiga honi. Mama akalifungua jani mapajani, gari lote likanukia ziwa.

"Sasa ndiyo tunasafiri! Elias, shika mkia huu."

"Mama, tumechelewa!"

"Kula."

Tulipoingia ukumbini, mshereheshaji alikuwa ameishiwa utani, anaurudia ule wa kwanza. Mama akapita katikati ya meza kwa vigelegele, akamshika Dorcas mkono kwa vidole vyenye mafuta ya sato.

"Mama, si mlisema ndege ni saa moja na nusu?"

"Ilitushusha mapema mno, mwanangu. Ikabidi safari tuimalizie kwa gari."