Kituo Kimoja cha Anselm Drozd

Msiniletee habari za wapigaji wa siku hizi. Mimi nilicheza besiboli na Anselm Drozd misimu saba, timu ya Mill Fork, ligi ndogo ya miji ya makaa ya mawe. Nimemwona akiupiga mpira ukavuka ukuta na reli, ukatua juu ya paa la kanisa la Waslovaki. Majira ya baridi alichimba makaa. Kiangazi aliwatoa jasho warushaji. Hivyo hivyo miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1912 alikuwa na miaka thelathini na tisa, na magoti yalishamwambia huo ndio msimu wa mwisho. Rekodi ya ligi kwa msimu mmoja ilikuwa mipira kumi na tisa kuvuka ukuta, ile inayompa mpigaji haki ya kuzunguka vituo vyote mpaka nyumbani. Naye alikuwa ameshafikisha kumi na tisa. Aliutaka huo mmoja uliobaki wa kuivunja mpaka chakula hakishuki; mkewe ndiye aliyeniambia.

Basi siku ya mwisho tunagombea ubingwa na Brantley. Awamu ya tisa, ya mwisho, zamu yetu kupiga, tuko sare, wenzetu wawili wameshatolewa; akitolewa wa tatu, awamu imekwisha. Mimi niko kituo cha tatu, futi tisini tu kufika kibao cha nyumbani, pale pointi inapopatikana. Na nani anakuja na gongo? Drozd!

Uwanja ukalipuka kwa shangwe, lakini mimi moyo ulinishuka. Sheria ya enzi hizo ilikuwa ya ajabu: nikikanyaga kibao cha nyumbani tu, tumeshinda, mchezo umekwisha. Hata Drozd aupige mpira mpaka jimbo la pili, angeandikiwa kituo kimoja basi. Rekodi kwaheri, na kizuizi ni mimi, nimesimama pale kama gogo.

Nikapata wazo la kipumbavu. Nikitolewa mimi, awamu inaisha. Ya kumi anaanza yeye, vituo vitupu, na mpira wake unahesabiwa. Nikaanza kusogea mbali na kituo, kidogo kidogo, ili mrushaji aninase nje ya kituo, nitolewe.

Drozd akainua mkono, mwamuzi akasimamisha mchezo.

"We Fintan! Unaenda wapi?"

"Nanyoosha miguu, mzee."

"Kanyooshee kwa mkeo! Rudi kituoni, mpuuzi wewe. Mimi ni mtu wa kuonewa huruma?"

Mdakaji wa Brantley, kijana mwenye mdomo, akacheka. "Babu, hilo gongo au mkongojo?"

"Subiri, mwanangu. Utajua sasa hivi."

Nikarudi kituoni.

Mpira wa kwanza aliuacha. Wa pili, lo! Ulipanda, ukapanda, ukavuka ukuta na wala haukuwa na haraka ya kushuka. Nikakimbia nyumbani, nikakikanyaga kibao, tukawa mabingwa. Mwandishi wa rekodi akaandika: kituo kimoja.

Lakini Drozd hakusimama. Alipita cha kwanza, akaenda cha pili, akichechemea taratibu. Watu walishamwagika uwanjani, wakampisha njia. Wachezaji wa Brantley wakavua kofia, mmoja baada ya mwingine. Alipopita cha tatu, yule mdakaji akapiga magoti, akakipangusa kibao kwa kofia yake.

"Pita, mzee," akasema. "Karibu nyumbani."

Drozd akakikanyaga kwa miguu yote miwili. Nikamkumbatia huku nalia, mtu mzima mimi, na sioni haya kusema.

"Nisamehe, mzee. Wamekuandikia kimoja."

"Waache waandike," akasema, anahema. "Umeona lakini walivyonipisha?"