Ukungu Nyuma ya Kabati

Mvua zilipoanza, fundi viatu alimchukua mama yake aje akae naye, maana bibi yule alikuwa akikohoa na hakuwa na mtu wa kumwangalia. Akampa chumba chake mwenyewe, yeye na mkewe wakahamia chumba cha watoto. Kisha akaziba kila upenyo wa baridi: dirisha akalibandika selotepu, chini ya mlango akasokomeza matambara. Jirani alipomwambia mvuke hulainisha kifua, akaweka jiko la umeme mle mle chumbani, sufuria ikawa inachemka kutwa nzima. Nguo zilizofuliwa nazo zikaanikwa kwenye kamba juu ya kitanda, zisinyeshewe nje.

Kikohozi hakikupungua. Mwezi wa pili bibi alikuwa amekonda, akitembea hatua tano anatafuta pa kuegemea. Mwanawe akazidisha maji kwenye sufuria.

Mkewe akaona walau mama apate chumba cha kupendeza, akamwita fundi rangi. Asubuhi fundi rangi na fundi viatu wakalishika kabati la chumbani, mmoja huku, mwingine kule, wakalivuta.

Mke akapiga ukelele.

Ukuta ulikuwa mweusi tii, umeota manyoya kama mgongo wa panya, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua. Fundi viatu akaugusa kwa kidole. Plasta ikamomonyoka, ikammwagikia miguuni. Wakainua godoro. Chini yake nako kulikuwa kijani, upande ule ule mama alikolaza kichwa.

"Hii ni nini?" aliuliza fundi viatu.

"Ukungu, fundi mwenzangu." Fundi rangi alikuwa ameziba pua kwa fulana. Akatoa mfukoni kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, akakisubiri kitulie. "Chumba cha kulala hakitakiwi kupita sitini kwa mia. Hapa ni themanini na saba. Nani anachemsha maji humu?"

Fundi viatu akakaa chini kwenye vumbi la plasta.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda shuka. Akachungulia ukuta. "Kumbe nilikuwa na wapangaji," akasema.

"Mama, ni mimi," mwanawe akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuua."

"Acha maneno makubwa, mwanangu. Nishike mkono, unitoe humu."

Siku hiyo hiyo alihamia sebuleni. Godoro likatupwa, ukuta ukakwanguliwa hadi kwenye tofali, dirisha likaachwa wazi wiki tatu, nguo zikaanikwa barazani. Daktari alisema kifua kilikuwa kimeanza kuziba, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Kikohozi kikalegea taratibu, ingawa hakikuisha chote, na bibi akarudia kubishana na wauza mboga.

Mwanawe ndiye ambaye hakupona. Hata leo, mteja akikohoa kibandani kwake, nyundo humgandia hewani.